Nafasi ya Mkurugenzi

Maman Nsimire anatunza makaratasi ya ofisi yetu, chama cha wakulima wa kahawa, hapa Nguba, mtaa wa Bukavu. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na ulimi wake haujui likizo. Polio ilimshika utotoni, miguu haikukua pamoja naye. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, na mikono hiyo, nawaambia, usiiombe ikusalimie kwa nguvu.

Ofisi iko juu, geti liko chini. Katikati kuna mteremko wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Mbele ya mlango kuna nafasi ya gari moja tu, nayo ilikuwa ya mkurugenzi, Papa Ignace. Sisi wengine kumi na saba tunaacha magari na pikipiki chini, tunapanda kwa miguu. Nsimire naye aliacha baiskeli chini, akapanda kwa magongo, robo saa nzima, akafika jasho likimtiririka na utani uko tayari mdomoni. Mtu akikuchekesha kila asubuhi, humuulizi amefikaje.

Mwaka jana chama kilitaka kuongeza ghorofa. Ili kupata ruhusa ilibidi tufuate kanuni mpya ya majengo: ofisi yenye magari kumi au zaidi itenge nafasi moja ya gari la umeme, pamoja na prizi ya kuchajia, karibu na mita ya umeme. Na mita yetu iko wapi? Ukutani, mbele ya mlango, pua kwa pua na jeep ya Papa Ignace.

Papa Ignace alicheka mpaka akavua miwani.

“Gari ya umeme, apa Bukavu? Muweke ile prizi, tupate permis. Miye nitaendelea kupaki pale pale.”

Papa Stanislas, msimamizi wa magari, akapaka nafasi ile rangi ya kijani, akaandika kwa Kifaransa maneno makubwa meupe, yaani “chombo cha umeme”, akafunga prizi. Jeep ikarudi kulala juu ya rangi. Umeme wenyewe siku hizo ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa.

Ila karatasi ya kanuni lazima itunzwe, na Nsimire hatunzi asichokisoma. Aliisoma hadi ukurasa wa mwisho, kazi ambayo sijawahi kuona bosi akiifanya. Huko mwisho alikuta kwamba nafasi hiyo ni ya chombo chochote cha umeme cha mfanyakazi yeyote, bila kujali cheo, na kikiwepo, magari mengine yaondoke. Alifunga faili, akampigia simu kaka yake Bruno, fundi wa pikipiki.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, tulisikia mlio mwembamba ukipanda mteremko. Alikuwa Nsimire juu ya baiskeli yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukitupungia. Chini ya kiti Bruno alikuwa amefunga betri na mota ya pikipiki ya umeme iliyopata ajali. Alifika kabla ya jeep, akasimama katikati ya kijani.

Papa Stanislas alikuja mbio. “Maman, toka apo! Iyo iko fasi ya Directeur!”

“Papa Stanislas, si ni weye uliandika apa? Soma.”

“Véhicule électrique. Lakini hii yako haiko véhicule, iko... iko kiti!”

“Basi nitakaa.”

Jeep ilipiga honi mara nne, kisha ikarudi chini kinyumenyume. Papa Ignace hakutaka ugomvi mbele ya watu. Alisema tu kwamba Alhamisi mkaguzi wa majengo akija kwa ajili ya ruhusa, baiskeli ifichwe nyuma ya ghala, na baada ya hapo mambo yarudi yalivyokuwa. Siku tatu zile Nsimire hakutania mtu. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaogopa.

Alhamisi hakuificha. Mkaguzi, mama kijana aitwaye Emmanuella, alisimama mbele ya mlango na daftari lake.

“Kila fasi minaenda, minakuta jeep juu ya rangi,” akasema. “Na permis sitoi. Apa gari ya umeme iko wapi?”

Papa Ignace aliitazama baiskeli. Akaitazama ghorofa yake ambayo bado haipo.

“Ni hii apa, madame. Ya maman wetu wa archives.”

Mkaguzi akasaini. Nsimire akachomeka waya kwenye prizi mbele yetu sote, na siku hiyo umeme ulikuwepo.

Tangu hapo Papa Ignace anaacha jeep chini na kupanda nasi. Siku ya kwanza alichafua viatu. Siku ya nne mvua ilinyesha, akakaa kwenye udongo na suti yake yote. Wiki iliyofuata mafundi walifika na saruji, wakajenga ngazi kando ya njia, na vyuma vya kushikia.

Tulimcheka sana, na alistahili. Lakini nilipopanda ngazi hizo mara ya kwanza, mkono kwenye chuma, niliona aibu. Nsimire alipanda udongo ule kwa magongo miaka tisa. Sisi tulikuwa kumi na saba, wote wenye miguu mizima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuomba ngazi.