Pampu Lazima Inywe Kwanza

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Tshibola ni kwamba aliipa reli mgongo. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi 1993, na kila mtu kwenye stesheni ya Kolwezi, mji wetu wa migodi, alitazama upande ambao treni ya kwenda Kasai ingetokea, kama ingetokea. Yeye aliketi juu ya sanduku lake la mbao, uso ukielekea vilima vya udongo wa mgodi, ambavyo asubuhi vilielea juu ya ukungu kana kwamba havikushikwa na ardhi.

Nilikuwa nimemaliza shule karibuni, na parokia ilinipa daftari niandike majina ya familia za watu wa Kasai zilizofukuzwa majumbani mwao, ili zipate uji. Nilipofika kwake nikamwuliza kazi yake.

"Injenia," alisema. "Wa pompi."

Nikaandika: mke wa injenia. Akaitazama kalamu yangu kwa upole.

"Futa ile muke, mutoto yangu. Bwana yangu ni mwalimu. Injenia ni miye."

Mumewe, Tata Mpoyi, alikuwa amejilaza kwenye mkeka pembeni. Alicheka bila kufungua macho. "Andika vile anasema. Miye njo nilisainia."

Baadaye nilielewa utani wao. Mwanamke aliyeolewa hakuajiriwa mpaka mume aandike kwamba amekubali, na Tata Mpoyi aliandika ruhusa hiyo mwaka 1981, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Alipenda kusema kwamba ndiyo insha fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na ndiyo iliyopata alama nyingi.

Siku za stesheni zilikuwa ndefu na laini, kama siku za mgonjwa mwenye homa. Mvua ilikuja, ikaondoka, mvuke ukapanda kutoka kwenye maturubai, watu wakalala mchana na kuamka bila kujua ni saa ngapi. Katika hali hiyo Mama Tshibola alinisimulia maisha yake kidogo kidogo, akiacha katikati na kuendelea kesho yake pale pale alipoachia.

Alizaliwa Kapata, mtaa wa wafanyakazi hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya mgodi, mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai kabla ya uhuru. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Katika shule ya ufundi ya Lubumbashi alikuwa msichana peke yake kati ya wavulana arobaini. Aliporudi Kolwezi na diploma, alipewa meza katika ofisi ya michoro, na kwa miaka mitatu alinakili michoro ya wengine. Kisha nafasi ikapatikana katika chumba cha pampu, chini kabisa ya shimo la mgodi, ambako maji husukumwa nje usiku na mchana ili shimo lisigeuke ziwa. Hakuna mwanamume aliyeitaka, kwa sababu ya kelele na unyevu. Walidhani angelia na kuomba kurudishwa ofisini. Yeye alikaa miaka tisa. Aliniambia kwamba kelele zile zilimtuliza kama mvua juu ya bati.

"Lakini nilikuwa peke yangu sana," alisema. "Unajua kuwa peke yako katikati ya batu?"

Kwa hiyo kila mwaka aliiandikia kampuni barua, akiomba msichana wa kumfundisha. Mwaka wa saba wakampa mmoja: Abigaëlle, binti wa Mzee Mbayo, jirani yake wa Kapata, familia ya wenyeji wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu. Mama Tshibola alijiwekea sharti moja tu katika kufundisha. Hata msichana akosee namna gani, hatampokonya spana mkononi. Siku moja Abigaëlle alihangaika na nati moja kuanzia asubuhi hadi saa ya kula, wanaume wakicheka, na mwalimu wake alikaa ameweka mikono chini ya mapaja ili isimponyoke.

Vijana wa Katanga, waliowaita watu wa Kasai wageni, walipokuja kuwatoa katika nyumba za Kapata, Abigaëlle ndiye aliyebeba lile sanduku hadi stesheni. Tangu hapo alikuja kila siku baada ya zamu. Alichuchumaa mbele ya mwalimu wake na kuiga kwa mdomo sauti ambazo pampu zilitoa siku ile, mvumo mzito, mluzi, kikohozi, na Mama Tshibola alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa polepole. Wanawake wa maturubai jirani walisogea nao wakasikiliza.

Siku moja alikuja bila sauti yoyote.

"Iliungua, mama. Ile kubwa ya kutupa mayi inje. Inatoa moshi tu, mayi hapana."

"Balinywesha?"

Msichana akatazama chini. "Balikatala. Banasema ile mayi ilikuwa dawa yako."

Ilinibidi nielezwe. Pampu ile haiwezi kuvuta maji ikiwa na hewa tumboni. Kabla ya kuiwasha lazima ijazwe maji kwa ndoo kupitia mdomo mdogo wa juu, taratibu, mpaka hewa yote itoke. Saa ya ukutani ilikufa zamani na kampuni haikuleta nyingine, basi Mama Tshibola alipima muda kwa kuimba chinichini wimbo wa kanisa lao, beti nne. Wafanyakazi wenzake waliona mwanamke wa Kasai anaimwagia mashine maji na kuinong'oneza, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza. Alipofukuzwa, jambo la kwanza walilofanya ni kukaza kizibo cha ule mdomo kwa spana kubwa na kuitupa ndoo nje. Kisha, siku pampu iliposimama kwa mara ya kwanza, wakaiwasha bila kuinywesha. Pampu ikazunguka kavu, na ile kamba yenye mafuta inayozuia maji yasivuje kwenye mhimili ikaungua.

Siku tatu baadaye mkuu wa idara, Tata Kabemba, alikuja mwenyewe stesheni, kofia ya kazi mkononi.

"Yambo, Mama Tshibola."

"Yambo sana, tata. Unakuya kupanda treni na shiye?"

Watu wakacheka chini ya maturubai. Yeye hakucheka.

"Usinicheke, mama. Mayi inapanda. Siku ine tena na chumba ya pompi inazama."

"Na bale bafundi bapya?"

"Banasema uliiloga."

"Niliiloga itembee miaka kenda? Basi ningeloga na mushahara yangu, ipande."

Tata Kabemba akachuchumaa, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. Alikuwa na gari. Angemficha nyuma, amfikishe mgodini, Mama Tshibola atengeneze pampu kwa saa moja, kisha amrudishe. Hakuna atakayejua.

Niliona vidole vya Mama Tshibola vikikunja na kukunjua upindo wa kitenge. Miaka kenda ya maisha yake ilikuwa kule chini ya vile vilima, na alikuwa akiitiwa kwenda kuiona mara ya mwisho.

"Hapana," alisema. "Nikiikamata miye, batasema tena ni dawa. Abigaëlle anajua yote. Yeye njo ataitengeneza, na utaandika jina yake ku fasi yangu. Fundi wa pompi."

"Mwanamuke tena?"

"Tena."

Kabemba akavaa kofia, akaivua. "Sawa. Kesho. Mayi ikitoka, nitaandika jina yake. Isipotoka, mama, mwanamuke hataingia tena mu ile chumba, miye nikiwa chefu. Barua zako zote, kwisha."

"Nimesikia, tata."

Alasiri ile Abigaëlle alifanya mazoezi ya kuzungusha kamba mpya kwenye mhimili, kilemba kilichosokotwa kikiwa kamba na chupa tupu ya bia ikiwa mhimili. Alizungusha vibaya mara tano. Mama Tshibola alikalia mikono yake.

"Na nikikosea, mama?"

"Utafungula, utaanza tena. Pompi haina kinyongo."

"Na ule wimbo? Niimbe polepole kama weye?"

Mama Tshibola akafikiri. Nadhani ni mara ya kwanza nilipoona anajilaumu. "Hapana. Miye nilikosea pale. Imba kwa nguvu, mbele yao bote, na uwaambie ni ya nini. Ukiweza, baimbe na weye."

Leo ndiyo kesho yenyewe. Nyuma ya stesheni unapita mfereji unaopeleka maji ya mgodi mtoni, na tangu pampu iungue umebaki na vidimbwi vya mvua tu. Abigaëlle alisema ataanza kujaza saa tatu. Tata Mpoyi amekadiria kwamba maji yakitoka kule yatachukua kama saa moja kufika hapa, ingawa anakiri kwamba yeye ni mwalimu wa historia.

Sasa ni saa nne kasoro kidogo. Watu wameacha mizigo yao na kujipanga ukingoni, hata wale ambao hawakuwahi kuona pampu, na ukungu haujaondoka bado. Maji ya mvua hapa ni mekundu. Ya mgodi yana kijani cha shaba, huwezi kuyachanganya. Mama Tshibola ameinama mbele ya wote, akitazama mahali mfereji unapokunja kona. Mara mbili mtu amesema, "Yale kule!" na mara mbili ulikuwa ukungu tu uliosogea. Anasogea hatua moja zaidi.