Mwenyekiti wa Mbalamwezi

Mpaka leo nikikumbuka mwanamke yule alivyojibu mbele ya wakubwa, mkono wangu unakwenda mdomoni wenyewe. Nimezika waume wawili, nimeona ziwa likimeza mtumbwi mchana kweupe, lakini mshangao wa siku ile haujapata mwenzake.

Nianze na dagaa, maana bila dagaa hamtanielewa. Kwetu, kaskazini kupita Mwamgongo, dagaa huvuliwa kwa taa za karabai usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani na wanaume wanalala kama wagonjwa. Kwa hiyo sisi wanawake waanikaji tulikuwa na kazi wakati wa giza tu, na wakati wa mbalamwezi tulikuwa na midomo.

Tulipokusanywa kijiji cha Ujamaa tukaambiwa waanikaji tuchague mwenyekiti. Sisi Waha tukataka wa kwetu. Wale ambao wazazi wao walivuka kutoka Kongo wakataka wa kwao. Tulibishana tangu asubuhi mpaka watoto wakalia njaa, ndipo bibi mmoja asiye na meno akapiga kelele: "Basi mmoja atawale giza, mwingine mbalamwezi, tukapike!" Watu wakacheka. Halafu wakafanya hivyo hivyo. Mimi nikapewa giza. Mume wangu wa kwanza alinicheka mpaka akakohoa: "Nimeoa mwenyekiti wa giza! Mganga ananihusu nini tena?"

Mbalamwezi alipewa mwanamke mdogo kwangu, mtoto wa wale wa Kongo, aliyesoma mpaka darasa la saba. Mimi zamu yake ikifika nilibeba jembe nikapanda mlimani kwenye mihogo yangu. Nasema kweli, nilidhani mimi nimepewa ng'ombe, yeye kamba.

Basi likaja tangazo. Chuo cha huko bara kinachukua mwanamke mmoja kutoka vijiji vyote vya ufukweni, miaka miwili, lakini awe amewahi kuongoza watu. Mwenzangu alikitaka chuo kile kama mtu anavyotaka pumzi. Mume wake alikuwa amekufa maji, na shemeji yake ameshasema: chuo akikosa, mavuno yakiisha namrithi. Shemeji mwenyewe alikuwa na wake wawili na kidonda cha mguu kisichopona. Kidonda kile kilikuwa na harufu, lakini tukiache.

Kijiji kizima tukamfundisha cha kusema. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia: "Sema wewe ni mwenyekiti wa waanikaji, basi. Na ile habari ya dagaa kuokolewa na mvua, sema ni wewe."

Nami nikamwambia: "Mdogo wangu, ichukue hiyo mvua yangu. Mimi chuo nakitakia nini? Kisomo cha watu wazima chenyewe naandika jina langu kama kuku aliyepita kwenye majivu."

"Haya, dada," akasema. Nami nikaiamini haya yake.

Nilimsindikiza mjini kwa boti, nikatapika njia nzima mpaka bandarini Kibirizi, na ndara moja ikaniponyoka majini. Kwa hiyo nilikaa kwenye baraza la ofisi walimokuwa wakimsaili, nikiwa na ndara moja, chini ya dirisha. Sikuchungulia. Dirisha lilikuwa wazi na masikio yangu yalikuwa yangu.

"Ndugu," mwanamume mmoja akamwuliza, "umeandika hapa unaongoza nusu ya mwezi. Ndiyo uongozi gani huo?"

Ameandika nusu!

"Ndiyo, Ndugu. Tuko wawili. Mimi mbalamwezi, mwenzangu giza."

Wakacheka mle ndani. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzito akauliza: "Na kuanika dagaa, unasimamiaje?"

"Sisimamii mimi. Anayesimamia yuko hapo barazani. Siku mvua ilipotukuta dagaa wa kijiji kizima wako mchangani, yeye alivua kanga yake ya juu akafunika, akatuamrisha wote tuvue. Wanaume waligeukia ziwani. Dagaa walipona. Mimi siku ile nilikimbilia ndani."

Yesu wangu! Nilibaki mdomo wazi kama sato aliyetupwa ufukweni. Mvua tumempa bure, anairudisha! Machoni pangu nikamwona shemeji na mguu wake.

Wakaniita ndani. Niliingia na ndara yangu moja.

"Mama, ni kweli haya?"

"Ni kweli."

"Na yeye, zamu yake, hufanya nini?"

Nilijishangaa kuliko alipotaja mvua. Miaka yote ile tumekaa kiti kimoja, na sijui mwenzangu anafanya nini!

"Sijui, Ndugu," nikasema. "Mimi nakuwa shambani."

Mwenzangu akainamisha kichwa. Nikaona nimemzika. Ndipo maneno yakatoka yenyewe: "Ila nawaacha wanawake wamegombania nafasi za kuanikia, hawasalimiani. Nikishuka giza likianza, nawakuta wanasukana nywele. Sijawahi kuuliza nani kafanya. Nilidhani ni mwezi."

Hawakucheka. Yule mwanamke mwenye sauti nzito aliweka kalamu chini, akamtazama mwenzangu kama ndiyo kwanza anaingia. "Hebu tueleze huo mwezi wako," akamwambia.

Akaeleza anavyowapatanisha. Nami nikasikia pamoja nao.

Kwenye boti nikamwuliza: "Ungekosa je, mwendawazimu wewe?"

"Dada, na huko chuoni mvua ingenyesha, wakaniangalia mimi, ningefanya nini?"

Alichaguliwa. Shemeji alinuna mpaka mavuno, akaoa mwingine.

Mbalamwezi ya kwanza baada ya yeye kuondoka, nilibeba jembe langu kama kawaida. Sikufika hata kwenye mgomba wa jirani.

"Unakwenda wapi, Mwenyekiti?" Walikuwa waanikaji wawili, mmoja kashika jiwe. Nyuma yao wanakuja wengine, wote wanasema pamoja, hiki kafanya huyu, kile kasema yule, mpaka nikakaa chini njiani, jembe mapajani. Nikatazama juu. Na mwezi wenyewe ulikuwa haujajaa hata nusu.