Damu Niliyoahidi Kuirudisha

Mimi na mdogo wangu sasa tunakaa nyumba moja huku Mandewa, vikongwe wawili, tunagombania chumvi na nani aliacha mlango wazi. Yeye hapendi mboga zangu, mimi sipendi redio yake. Majirani wanasema tunapendana sana, na ni kweli. Lakini kuna uongo nilimwambia enzi za Mwingereza, siku aliyomzika mtoto wake, na mpaka leo sijaufuta.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika hospitali ndogo hapa Singida. Sikuwa wodini, nilikuwa kwenye chumba kimoja cha nyuma chenye paa la bati. Daktari wetu, Mzungu mzee asiye na mke, alikuwa anajaribu kuwakuza wadudu wa malaria ndani ya kioo, nje ya mwili wa mtu. Alisema tukiweza kuwafuga, tutajaribu dawa kwao badala ya kuijaribu kwa watoto wa watu. Alinitoa kwa wauguzi akanileta kwake kwa sababu mkono wangu hautetemeki na, kwa maoni yake, sina maneno mengi. Hapo kwenye maneno alikosea.

Damu ilichukuliwa kabla mgonjwa hajameza dawa, maana dawa ikishaingia wadudu hawakui. Unaitikisa pamoja na shanga za kioo isigande, unaitia kwenye mrija na sukari kidogo, unaziba kwa pamba, unaiweka kwenye sanduku la mbao lililopigwa bati ndani. Chini ya sanduku inawaka koroboi. Joto linatakiwa liwe la mtu mwenye homa, lisipande wala lisishuke. Na upepo wa Singida mnaujua. Niliziba nyufa zote kwa matambara na bado nilishinda nimechuchumaa pale chini, naukinga ule moto kwa kanga yangu. Wauguzi walinicheka, "Kwenu wanafuga ng'ombe, wewe unafuga homa. Sijui utakamua nini."

Kila asubuhi nilitoa tone, nikalipaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikaangalia kwa hadubini. Siku ya kwanza wadudu wapo, siku ya pili wamenenepa, siku ya tatu wamekufa. Hawakuwahi kuzaana. Daktari akiingia huuliza, "Wamekufa?" Namjibu, "Wamekufa, daktari." Tuliamkiana hivyo kwa miaka mitatu.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao lazima niueleze. Mgonjwa aliyetoa damu akifariki, mrija wake haukubaki sandukuni hata kama wadudu wangali hai. Ndugu wakiutaka aliwapa. Wasipoutaka aliumwaga mwenyewe, kofia mkononi. "Hawezi kuwa kaburini na kwangu pia," alisema.

Basi Jumatatu moja mdogo wangu akaja kutoka Mtinko na mwanawe mgongoni, mvulana wa miaka minne, anawaka moto. Nilimpima kidoleni nikaona wadudu wamejaa. Nilipaswa kukimbilia kwinini. Badala yake nikamwambia mdogo wangu, "Ngoja kwanza, nichukue damu." Ilikuwa robo saa tu. Daktari aliwahi kuniambia robo saa haibadilishi kitu, nami naamini, lakini nimeihesabu robo saa ile mara nyingi kuliko nilivyohesabu umri wangu.

Mtoto hakulia. Aliiangalia damu yake ikipanda kwenye bomba la sindano, akaniuliza, "Mama mkubwa, utanirudishia?"

"Nitakurudishia," nikamwambia.

"Lini?"

"Ukipona."

Akaridhika. Mama yake alicheka kidogo, na mimi nikacheka. Akameza kwinini, akalala kwangu. Jumanne homa ilishuka, akaomba uji. Mdogo wangu alikuwa na mtama shambani na ndege hawamngoji mtu, akaniuliza kama anaweza kurudi. Nikampa vidonge vilivyobaki, nikamruhusu. Ni mimi niliyemruhusu.

Alhamisi asubuhi daktari alikuwa amekwenda Ikungi. Nilitoa tone kwenye mrija wa yule mtoto nikijua nitakachokiona. Nikaangalia, nikafuta kioo cha hadubini, nikaangalia tena. Walikuwa hai. Na si wale wa Jumatatu: walikuwa wadogo, wapya, wameingia kwenye chembe nyingine za damu. Walikuwa wamezaana. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kwa furaha, mtu mzima mimi.

Machozi hayajakauka, shemeji yangu akasimama mlangoni na baiskeli. Mtoto alikuwa akitapika kila kidonge tangu njiani. Amefariki alfajiri.

Nilimwomba muuguzi mmoja aukinge moto, nikapanda nyuma ya baiskeli. Tulipofika Mtinko, mdogo wangu alikuwa amekaa ndani na wanawake, hana machozi. Akaniita karibu.

"Dada, ile damu yake iko wapi? Ulimwahidi. Nipe nimzike nayo."

Ningeweza kusema ipo, ngojeni niifuate. Wangengoja mpaka kesho yake. Nikasema, "Imeshamwagwa, mdogo wangu. Huwa tunamwaga siku ileile."

Akatikisa kichwa polepole, akamfunika mtoto uso.

Nihukumuni mtakavyo. Miaka mitatu nilikuwa nasema wamekufa, wamekufa, na sasa kuna kitu kinaishi. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto wengine. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sikuweza kuizima ile koroboi. Mtoto alikuwa baridi pale mbele yangu na damu yake kule ina joto. Baada ya maziko nikasema kazini hawajanipa ruhusa, nikamwacha mdogo wangu na msiba wake, nikarudi kuongeza mafuta ya taa.

Ijumaa daktari alipotazama kwenye hadubini alinishika mikono yote miwili. Kisha akafungua daftari. Mirija ilikuwa na namba na umri tu, hakujua ni damu ya nani.

"Na mtoto mwenyewe?" akaniuliza.

"Amepona," nikasema.

Akaandika. Niliona kalamu yake ikiliandika lile neno.

Wadudu waliishi mpaka Jumapili. Jumatatu nikakuta madoa tu, hakuna kilichobaki. Daktari akaniambia niendelee na kazi, yaani nichemshe mirija, nimwage, nioshe. Nikauchemsha wake pamoja na mingine. Nikaumwaga kwenye shimo la maji machafu nyuma ya chumba. Hatukuwahi kufanikiwa tena, na daktari akaondoka nchini na daftari lake.

Mwezi uliopita mdogo wangu alizima redio yake, jambo ambalo halifanyi, akasema, "Dada, nionyeshe mliponimwagia ile damu. Nataka kupajua tu kabla sijafa." Tukaenda, kila mmoja na fimbo yake. Chumba kimebomolewa siku nyingi, ila shimo lilipokuwa napakumbuka. Nikamwonyesha. Akainama kwa shida, akaigusa ardhi kwa kiganja.

"Ni siku ileile mlimwaga?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kweli. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Ni siku ileile," nikasema.

"Afadhali," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naogopa kwamba ilikaa siku nyingi, iko peke yake."

Haikuwa peke yake hata saa moja. Nilitaka kumwambia hivyo, na nisingeweza kumwambia hivyo bila kumwambia yote. Nikampa mkono ainuke, tukarudi nyumbani.