Chokaa ya Wageni

Kila ninapowaeleza wenzangu wapya kazini jinsi kompyuta inavyogawa kumbukumbu yake, naiona nyumba yetu ya Kolwezi.

Kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani kabisa inayotawala mashine, huikata kumbukumbu vipande vya ukubwa mmoja, kama nyumba za kampuni ya mgodi kule mtaani kwetu Musonoi: zote sawa, mlango mbele, jiko nyuma. Programu ikiomba nafasi hupewa kipande. Ikiondoka, kipande hurudi mikononi mwa kiini. Nafasi ikiisha kabisa, kiini huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipumue. Angalau hakiichukii. Waliotuchagua sisi walituchukia, tena walikuwa majirani.

Sisi asili yetu ni Kasai, mkoa wa mbali. Babu aliletwa kuchimba shaba, na baba alizaliwa Kolwezi. Kazi zilipoanza kufa mgodini, wenyeji wakatuambia turudi kwetu, mahali ambapo baba hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Tukaenda stesheni kungoja treni, siku baada ya siku. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, alianza kuhara tukiwa palepale, na treni ilipofika tulikuwa tumeshamzika kando ya reli.

Hatuna picha yake. Alichoacha duniani ni kiganja. Siku chache kabla ya kufukuzwa alishika sufuria, akabandika mkono wake wa masizi kwenye ukuta wa jikoni, na mama akamzaba kofi.

Enzi za kampuni kulikuwa na desturi. Familia ikihama, wapakaji walipita na ndoo zao za chokaa kabla familia mpya haijaingia. Kiini nacho hufanya hivyo. Kipande kikiachwa, yaliyomo hayafutwi, yanabaki humo kimya. Hufutwa kwa kujazwa sufuri pale tu kinapokaribia kupewa programu nyingine, isije ikasoma siri za aliyetangulia. Lakini waliotufukuza hawakungoja wapakaji. Waliingia siku ileile, jiko letu likiwa bado na moto. Ndiyo maana mama hakukikatia tamaa kile kiganja.

Nilipopata kazi ya kuhudumia kompyuta huko Kolwezi, aliniomba jambo moja tu: niende nikatazame kama kile kiganja kipo.

"Lakini usiende kwa batu bila kutuma habari," alisema kwenye simu kutoka Kasai. "Ile haina heshima."

Nikatuma habari. Jumapili baada ya misa nikaenda. Harufu ya chokaa ilinipokea kabla ya mwenye nyumba, mama mzee mwenye kitambaa kichwani. Kuta zote zilikuwa nyeupe pe, na matone bado yalikuwa sakafuni.

"Karibu, mama," alisema. "Tulisikia batu ya zamani ya hii nyumba banarudia kuiona. Njo maana tukapaka chokaa, sababu ya heshima."

Nilimuuliza kuhusu ukuta wa jikoni. Alinitazama, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Kulikuwa mukono ya mutoto pale," alisema polepole. "Miaka yote brosi ya chokaa ilikuwa inapita kando. Batoto yangu bote balipimia mikono yabo pale, na bajukuu. Juzi tu njo nilisema, bageni banakuya, tusibaonyeshe uchafu."

Sikuweza kumkasirikia. Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia, naye akalia pamoja nami. Mashine ikishajaza sufuri, hakuna fundi wa kurudisha kilichokuwemo, na fundi mwenyewe ndiye mimi.

Jioni mama akapiga simu. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, ila sauti yake ilinishinda.

"Uliona ile mukono?"

Nikamweleza yote: habari niliyotuma, chokaa, maneno ya yule mama.

"Batoto balikuwa banapimia mikono yabo pale?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Balikuwa banacheza nao."

"Basi alikuwa na benzake," alisema. "Na mi nilimupiga sababu ya ile mukono."