Pipa la Asali Nililolifukiza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Nilitoka kwetu, magharibi ya Mlima Meru, nikiamini naenda kuwa karani, kumbe nilipangiwa ghalani kupokea magunia ya sukari. Kufika saa sita mchana viatu vilikuwa vinanata kila ninapokanyaga. Mwenye kampuni, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, alikuwa Mhindi mzaliwa wa Arusha, na biashara ile aliirithi kwa baba yake. Akanitazama miguuni, akacheka. "Dada, kesho njoo na kandambili." Nilikuja nazo, na nikabaki pale mpaka nikaota mvi.

Kwa miaka mingi sukari ilijiuza yenyewe. Halafu wateja wakabadilika. Mtu anaingia dukani anauliza asali, anauliza sukari guru, ile ya miwa isiyosafishwa, anauliza stevia, majani ambayo ukiyatafuna utamu wake unaishinda sukari. Hoteli za watalii nazo zikataka asali mezani. Mkurugenzi alinusa mapema. Akanihamishia chumba cha kupokelea asali, chini ya Meneja wa Ubora, mama mkali ambaye akishika kijiko cha kuonjea hacheki na mtu.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Asali ikifika unaipima maji kwanza, kwa kifaa kidogo cha kuchungulia: unapaka tone kwenye kioo, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma. Yenye maji mengi itachacha. Kisha unanusa, unaonja, na kabla ya kuonja nyingine unasukutua kwa maji ya uvuguvugu. Asali iliyoganda haina kosa lolote. Wateja huikataa wakidhani imechanganywa na sukari, nami nimebishana nao hadi sauti ikanikauka. Kosa kubwa ni moshi. Mrina asali akizidisha moshi mzingani, asali huubeba, na hoteli haiitaki.

Mzigo wetu wa kwanza wa hoteli kubwa ulitoka kwa Mzee Kaaya, Mmeru wa Momela. Nilipoionja asali yake pale mlangoni nilifumba macho kwa raha. Kazi yangu ilikuwa kuandaa mapipa matatu mapya ya chuma. Niliyaosha kwa maji ya moto, nikayakausha, lakini moyo haukuridhika. Kwetu Waarusha kibuyu cha maziwa hakiitwi safi mpaka kifukizwe: unachoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, unakisugulia ndani kikiwa na kaa la moto, kisha unafunika moshi uingie. Mama yangu asingempa mgeni kitu kutoka chombo kisichofukizwa. Nikasema wageni hawa wa hoteli wanatoka mbali, tuwape heshima yao. Nikaja na vijiti kutoka nyumbani, nikafukiza mapipa yote matatu, ndipo asali ikamiminwa. Nilirudi kwangu nikijisifu.

Siku ya tatu Meneja akafungua pipa. Akaonja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Huyu mzee ameiharibu kwa moshi. Mfuteni kwenye orodha. Na Momela nzima tusipokee kwao tena."

Mzee Kaaya alikuwa pale uani, amefuata ndoo zake. Alisikia kila neno. "Mama, moshi wangu mimi naujua," akasema. "Sijaizidishia." Akaanza kupanga ndoo zake moja ndani ya nyingine.

Ndipo nikaelewa: moshi ule ulitoka kwenye mapipa yangu. Nikinyamaza, kazi yangu inabaki, na mtu aliyefuga nyuki maisha yake yote anarudi kwao na jina baya. Niliona aibu kwamba nilisita hata kidogo. Nikachukua kipande cha kijiti kilichobaki, nikaingia kwa Mkurugenzi, Meneja akinifuata nyuma.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Si mzee yule. Ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimefukiza mapipa."

"Kwa nini?"

"Ili yawe safi."

Meneja alijishika kichwa. Mkurugenzi akanusa kile kijiti, akatoka, akaenda kuonja pipani. Kisha akacheka mpaka akashikilia pipa.

"Marehemu mama alitupikia chai kwa sukari guru, inanukia moshi hivi hivi! Mapipa haya tutagawana humu humu." Halafu akakunja uso. "Lakini hoteli imeagiza asali, haikuagiza jiko la kwenu. Nenda ukamwombe mzee radhi, watu wote wakisikia."

Nilienda. Mzee Kaaya alinisikiliza mpaka mwisho.

"Oloirien?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hapa ni wewe peke yako uliyeiheshimu asali yangu," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki hiyo hiyo alileta mzigo mwingine, na hoteli ikaupokea.

Baada ya hapo Mkurugenzi alinituma vijijini kufundisha. Nimewaelekeza kina mama kukausha majani ya stevia kivulini, bila vijiti vyake vinavyotia uchungu, na nimesimama soko la Kwa Mrombo nikisema, "Ndoo za asali msifukize!" Nao walicheka, maana kisa changu kilinitangulia kila mahali.

Sasa nimestaafu, nakaa Sekei. Vijana hunipitia kuuliza kitu gani cha asili kinafaa chai yao. Nawaambia ukweli: asali nayo ni sukari, mwenye kisukari asijidanganye. Wananuna kidogo, tunaendelea na chai. Niliipenda kazi ile, na ningeombwa kuirudia ningeenda kesho, na kandambili zangu.

Siku ile ya kuniaga kazini, Mzee Kaaya aliingia ukumbini na fimbo yake, akanikabidhi kibuyu cha asali. "Hiki hakipimwi," akasema. "Nilimtafuta mama wa kwenu anifukizie." Nikafungua, na harufu ya nyumbani kwa mama yangu ikanijaa puani. Nililia mbele ya watu wote, sikujali.

Meneja wa Ubora, naye alishastaafu, akasogea bila kukaribishwa. Akatoa kijiko kwenye mkoba, akachota, akaonja, akafumba macho.

"Imezidi moshi," akasema, akachota tena.