Siku za Mlimani Nilizozificha

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba kompyuta ya bureau yetu, ofisi ya hifadhi pale Baraka, inamwona kila sokwe wa mlimani, mmoja mmoja, hata aliyejifunika majani. Habari hiyo nilipewa na dereva wa pikipiki, nikaimeza bila kutafuna.

Ndiyo maana nilimwonea wivu mwenye kompyuta. Mwenzangu huyo, mzaliwa wa Lweba, alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za kanisa. Mimi, na diploma yangu ya école ya jioni, nilipanda juu ya Bibokoboko hadi magoti yakaanza kunitukana kwa Kibembe. Yeye alikaa kwenye kiti kinachozunguka, akichora ramani ya mahali sokwe wanapopenda kuishi. Wageni wakifika, mkono wanampa yeye. Hata kile kiti nilikionea wivu.

Kazi yangu ilikuwa kujaza karatasi: mahali, saa, kiota, kinyesi. Siku nilizozunguka bila kuona chochote, karatasi nilizichana. Mashine si imeshaona yote? Na kwa nini nimpe yule sababu ya kunicheka?

Mama chef, mkubwa wetu wa kazi, akatangaza kwamba mmoja wetu atapanda kuwaeleza wakubwa wa vijiji ile ramani. Nilipiga shati pasi siku tatu mfululizo.

Ramani ikatoka. Mlima wote mwekundu, yaani sokwe tele, hadi kwenye malisho.

"Huku kwa ng'ombe sokwe banakula nini?" mama chef akauliza. "Maziwa?"

Nilicheka mpaka meza ikatetemeka. Mwenzangu hakucheka. Alizungusha kiti, akanitazama.

"Kaka, huku ulipita?"

"Mara mia! Buti zangu zilifia huko."

"Uliona nini?"

"Hata mavi, hapana."

"Na karatasi za siku zile ziko wapi?"

"Nilizipasula."

Mama chef alishika kichwa. "Basi yeye ndiye atapanda kueleza. We utamubebea ramani."

Wivu ulinichoma hadi masikioni. "Lakini mama, ni mashine yake ndiyo imekosea! Si inabaonaka sokwe bote?"

"Haionake kitu, kaka," mwenzangu akasema taratibu. "Inajua tu ile munaandika. Ukipita fasi kama kule kwa ng'ombe na hauone kitu, andika: sikuona kitu. Bila ile, inafikiri sokwe banakaa kila fasi."