Kompyuta ya Sista na Majina ya Watoto wa Kayole

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Karakana ilikuwa Buruburu, ghorofani juu ya bucha. Ngazi zilinuka nyama hadi katikati, na kutoka hapo zikaanza kunuka waya ulioungua. Nilifagia chini ya meza zilizobeba kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Jua la asubuhi liliingia dirishani, vumbi likaelea ndani yake polepole, na mashine zote zikavuma kwa sauti moja, kama watu wanaoomba bila kufungua midomo. Mpaka leo nikifumba macho ninaisikia sauti ile.

Fundi Mkuu alikuwa mtu mfupi, mwenye koti jeupe kama daktari. Alinikuta nimesimama.

"Mama Nafula, ufagio umekwama?"

"Ninaangalia."

"Unaangalia nini na Kizungu hukijui?"

"Ninaangalia sura. Skrini ya leo si kama ya jana. Jana ilikuwa na mistari mitatu, leo ni minne."

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Weka ufagio, shika bisibisi."

Ndivyo nilivyoingia. Nilisoma hadi darasa la nne, basi. Nyinyi vijana mna vyeti vya kujaza begi, lakini mimi niliijua mashine kwa kuitazama, na waliocheka wakaja kuniletea zao.

Kazi yetu kubwa miaka hiyo ya tisini ilikuwa kuondoa mabaki ya kufuli. Nieleze. Kompyuta nyingi zilitoka ng'ambo, kuukuu, zimetumika maofisini. Ofisi hizo zilikuwa zimefunga diski, ile sahani ya chuma inayotunza kila kitu. Kuifunga ni kuyavuruga maandishi yake yote, yasisomeke mpaka mtu aandike neno la siri mashine inapowaka. Anayeuliza neno hilo tulimwita mlinzi. Anakaa kwenye sekta ya kwanza, kipande kidogo mwanzoni kabisa mwa diski, kinachosomwa kabla ya kitu kingine chochote. Wenye ofisi walisafisha diski kabla ya kuuza, wakaweka faili mpya za mfumo zisizofungwa, lakini usafishaji ule haugusi sekta ya kwanza. Kwa hiyo mashine ilifika Nairobi haina siri tena, na mlinzi bado amesimama mlangoni, akidai neno la siri la nyumba iliyohamwa zamani.

Kumwondoa si kazi. Unawasha mashine kwa flopi, yaani kisahani bapa chenye mfumo wake, unaandika amri moja inayoandika upya sekta ya kwanza, unazima, unawasha. Kwisha. Lakini Fundi Mkuu alikuwa na sheria, na aliirudia kila asubuhi akikoroga chai.

"Kabla hujamfukuza mlinzi, chungulia ndani. Washa kwa flopi, itisha orodha ya faili. Ukiziona, diski iko wazi, mlinzi ni mabaki tu. Usipoona kitu, mikono nyuma! Na ile sekta uinakili kwenye flopi nyingine, uandike jina la mwenyewe."

Nilifuata sheria hiyo miaka mitatu. Kisha Meneja, bwana mrefu aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi, akanituma Kayole. "Mama, utaongoza tawi," alisema. Tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja karibu na steji ya matatu ya Spine Road, lakini juu ya mlango paliandikwa jina langu kwa rangi nyekundu. Mchana nilikaa ndani, mlango wazi, nguo za majirani zikipepea kwenye roshani za mbele, na walinzi wa ng'ambo wakatoweka mmoja baada ya mwingine chini ya vidole vyangu. Sura ilikuwa ileile kila mara: kisanduku katikati, mistari mitatu. Nikaacha kuchungulia. Ya nini?

Ndipo akaja Sista. Alikuwa muuguzi mzee mwenye nyumba ya kujifungulia akina mama, mitaa miwili kutoka kwangu. Aliibeba kompyuta mwenyewe, imefungwa kwa leso kama mtoto.

"Mama Nafula, kitu hiki kila asubuhi kinanihoji kama askari. Niondolee."

"Dakika tano, Sista. Keti."

Nikawasha. Kisanduku katikati, mistari mitatu. Na chini kabisa, mstari mmoja ambao sikuwahi kuuona. Niliuona, sitawadanganya. Sista alikuwa ameketi ubavuni pangu, miwani puani, mtu anayesoma Kizungu kama anavyokunywa maji. Ilitosha niseme tu, "Sista, hapa pameandikwa nini?" Nikalikumbuka lile jina jekundu juu ya mlango. Nikanyamaza, nikaweka flopi, nikaandika amri.

Mashine iliwaka upya, ikasema haioni mfumo wowote. Skrini ikabaki nyeusi.

"Sasa," Sista akauliza, "nitaandika wapi neno langu?"

"Neno gani?"

"Lile ninaloandika kila asubuhi ndipo ifunguke."

Yule hakuwa mabaki. Alikuwa mlinzi aliye kazini, na nilipomfukuza aliondoka na ufunguo mfukoni.

"Ndani kuna nini, Sista?"

"Kitabu changu cha waliozaliwa. Cha karatasi kililowa paa lilipovuja, nikawahamishia humu wote." Akavua miwani. "Mtoto hapati cheti cha kuzaliwa bila tarehe yangu. Chifu anawaleta kwangu. Bila cheti, mtihani wa darasa la nane hafanyi. Kuna mama anakuja Jumatatu."

Nilibeba mashine ile hadi Buruburu. Fundi Mkuu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ulichungulia?"

"La."

"Ulinakili sekta?"

"La."

"Haikukuonya?"

"Kulikuwa na mstari chini. Sikuweza kuusoma."

Alisukuma kikombe cha chai kando. "Mstari huo ninaujua. Unasema: fungua diski yote kwanza, ndipo uniondoe. Neno alikuwa nalo, mama. Angeliandika, diski ingefunguka, ndipo ungeondoa. Sasa hakuna kinachorudi."

Nilirudi nikamwambia Sista yote, hata ule mstari, hata sababu ya kunyamaza.

"Na mimi nilikuwa hapo hapo kando yako," alisema. "Kuandika unajua?"

"Majina ninaandika."

"Nunua daftari. Tunaenda kuwatafuta."

Jioni baada ya jioni tulipanda ngazi za Kayole. Mwanga wa jua linalozama ulijaa kwenye korido, harufu ya sukuma wiki na mafuta ya taa ikachanganyika na redio za majirani, na nikahisi ninatembea ndani ya diski ile yenyewe, mlango kwa mlango, faili kwa faili. Kila mlango uliuliza, "Nani?" Nikasema jina langu. Wengine walitoa kadi ya kliniki kutoka kwenye Biblia, na tarehe ilikuwapo. Yule mama wa Jumatatu alikuwa mmoja wao, nikashusha pumzi. Waliopoteza kadi walituhadithia.

"Stima ilipotea, Sista. Ulishika tochi kwa meno!"

"Ilikuwa Jumapili ya Matawi, watu wanapita wakiimba."

Sista alitafuta kwenye kalenda zake za zamani, akapata siku. Nami nikamuuliza kila mama, "Herufi moja moja, tafadhali." Hakuna aliyenicheka. Mmoja aliniambia, "Pole pole, mama, hata mimi jina hili linanishinda."

Niliendelea na kazi ya mashine kwa miaka mingi, na hakuna mashine niliyoigusa bila kumwambia mwenyewe, "Nisomee hapa." Jina jekundu halikufifia kwa sababu hiyo. Sasa magoti yamekataa, bisibisi nimezigawa. Sista alipofunga nyumba yake alinipa lile daftari. Ninalo hapa mezani.

Karibu mistari yote imejaa. Mmoja haukujaa. Mama yake alihama kabla hatujafika, na majirani hawakujua alikokwenda. Sista alikumbuka haya tu, nami nikayaandika kwa mkono wangu mbaya: msichana, alfajiri, mvua inanyesha, mama ana leso ya kijani, jina atalifikiria. Kama ni wewe, njoo. Nafasi bado ninayo, na herufi utanitajia wewe.